Dawa ya Kutu Chini ya Gari Letu

Bunia, Jumapili alasiri, katikati ya Kwaresima, 1983

Mawingu yamejikusanya upande wa Mudzipela tangu tulipotoka misa, lakini mvua haiji. Hewa imebana. Nimekaa barazani, na mbele yangu uani liko gari letu, limeinuliwa juu ya magogo, magurudumu ya nyuma yametolewa. Kuku wameshazoea kulala chini yake.

Niandike. Nisipoandika leo, mambo ya juma hili yatatoka yenyewe kwa njia nyingine, katika sauti ninayowasemesha watoto.

Gari hili ni letu sisi wawili, mimi na mdogo wangu Ukumu. Baba alipofariki kule Mahagi tuliuza ng'ombe wake, na badala ya kugawana fedha tukaziunganisha zote tukanunua kamionete, gari dogo la mizigo. Ukumu anaendesha, mimi nauza. Linashuka Kasenyi, ufukoni mwa ziwa, likiwa tupu na kupanda Bunia likiwa limejaa bitoyo, samaki wa chumvi wa ziwani, ambao mji huu unawatafuta kama dawa wakati wa Kwaresima. Tangu mume wangu aondoke duniani, watoto wangu wamesomeshwa na samaki hao.

Lilikuja jipya kabisa. Nakumbuka tulitandika mkeka chini yake, mimi na Ukumu, watu wazima wawili, tukalala chali ili tuone vizuri tulichonunua. Shasi, ile mifupa mirefu ya chuma inayobeba gari zima, kiwanda kilikuwa kimeipaka kitu cheusi, chembamba, kinachoteleza kidogo ukikigusa, kama nta ya mshumaa. Ukumu alisema hata chini ni pazuri kuliko suruali yake ya Noeli. Tulicheka mpaka Odette, binti yangu mkubwa, akatuuliza kama tumekunywa.

Sasa niseme ya Jumanne.

Tulikuwa tunapanda kutoka Kasenyi. Mimi nilikaa mbele pamoja na mama mmoja mjamzito aliyekuwa anakwenda kujifungulia Bunia. Nyuma, juu ya magunia ya samaki, walikaa abiria wengine. Tulipofika kwenye ile kona ambayo upande mmoja ni jiwe na upande mwingine ni hewa tupu, na ziwa liko chini kabisa, tulisikia mlio. Haukuwa mlio wa tairi. Ulikuwa mkavu, kama mtu amevunja ukuni kwa goti. Gari likainama kushoto, likasita, halafu likaanza kurudi nyuma.

Ukumu hakupiga kelele. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote na kuukata usukani, gari likarudi mpaka ubavu wake ukaegemea jiwe. Wanaume waliruka wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Yule mama alinishika mkono, au mimi nilimshika yeye. Nilitaka kusali Salamu Maria, sikupata hata neno moja. Mimi ninayewafundisha watoto sala parokiani.

Hakuumia mtu. Hilo naliandika peke yake.

Hakuumia mtu.

Tulipoinama kuangalia, tuliona kile chuma kinachoishikilia resori, vile vyuma vilivyopindwa vinavyobeba uzito nyuma, kimeng'oka pamoja na kipande cha shasi. Niliingiza kidole mahali pale. Chuma kilimenyuka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu. Lori moja lililokuwa linapita likamchukua yule mama na abiria wengine, dereva wake akanunua sehemu ya samaki wetu, na lori lingine likatuvuta mpaka Bunia.

Mchomeleaji alikuja Jumatano asubuhi, akagonga gonga kwa nyundo, akatikisa kichwa. Alisema hawezi kuunganisha chuma na vumbi. Tukwangue kwanza mpaka tupate chuma kizima, ndipo tumwite.

Basi tukaanza kukwangua. Juu ya shasi yote kulikuwa na ngozi nyeusi, nene, ngumu kwa nje. Haikuwa ile nta ya kiwandani. Ilikuwa dawa ya kutu ambayo jirani yetu Kambale alitupulizia zamani, gari likiwa bado karibu jipya. Ukumu aliingiza bisibisi chini ya ngozi ile, akaisukuma. Yakatoka maji.

Maji, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu juma lililotangulia. Ukumu akagusa kwa kidole, akakitia ulimini.

"Yaya, iko chumvi," akasema; ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa.

Alitupa bisibisi, akatoka nje ya ua akielekea kwa Kambale.

Lazima nieleze Kambale ni nani. Ni mtu wa Butembo, alihamia hapa na mke wake na kompresa ya upepo, na bastola ya kupulizia rangi. Anapaka magari rangi, na wenye magari wakitaka anawapulizia chini dawa anayoichanganya mwenyewe: lami iliyoyeyushwa kwa petroli, pamoja na mafuta machafu ya injini. Ua wake na wangu zimetengwa na mstari wa maua tu. Mume wangu alipokufa, Kambale alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na mke wake alilala kwangu mpaka matanga yakaisha.

Mlangoni kwa mtu huyo ndipo Ukumu aliposimama Jumatano, watu wakipita kwenda sokoni, akapaza sauti:

"Weye Kambale! Ulipaka gari yetu sumu! Ulitaka kuua batu!"

Halafu akaongeza neno juu ya watu wa Butembo na mapenzi yao ya faida, neno ambalo siliandiki hapa. Watu walisimama. Wengine walicheka. Kambale alitoka na kitambaa mkononi, akamwangalia Ukumu kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Ukumu, tutaongea." Akarudi ndani.

Ni hayo tu. Na katika mji huu, mtu akinyamaza anapotukanwa, watu wanajua la kufikiri. Kesho yake hapakuwa na gari hata moja mlangoni kwake. Mimi pia nilifikiri walivyofikiri. Mke wake alinisalimia juu ya maua nami nikajifanya natafuta kitu ndani ya beseni.

Lakini hasira yangu haikai vizuri kama ya Ukumu. Inaanza kuuliza maswali. Je, dawa inayopakwa ili kuzuia kutu inaweza kweli kuharibu kile ambacho kiwanda kilipaka? Au tunamtafutia Kambale kosa, na mharibifu ni chumvi ya samaki wetu wenyewe, ile inayotulisha? Maji ya bitoyo yanadondoka kutoka kwenye magunia safari nzima. Hakuna chuma kinachopenda hayo.

Ijumaa nilijifunga kitenge cha zamani nikaingia chini ya gari peke yangu na taa ya mkono. Nilitambaa mpaka mbele, juu ya tangi la mafuta, mahali ambapo bastola ya Kambale haikuweza kufika. Na pale niliikuta nta ya kiwandani. Ilikuwa bado nyeusi, nyembamba, imeshikana na chuma kama ngozi na nyama. Nilikwangua kidogo kwa kisu. Chini yake chuma kiling'aa.

Mahali palipopata dawa pameoza, mahali palipokosa dawa ni pazima. Lakini mahali palipokosa pia ni mbali na samaki. Kwa hiyo nilikuwa sijajua kitu bado.

Jumamosi asubuhi nilivuka mstari wa maua. Nilimkuta Kambale amekaa kwenye stuli karibu na kompresa yake iliyo kimya. Nilimwambia sikuja kugombana, nilikuja kuomba dawa yake kidogo ndani ya kopo, nataka kujaribu jambo. Akasimama.

"Mama Odette, aksanti kwa kunifikia," akasema. "Nitakuja na dawa miye mwenyewe."

Ukumu alipomwona anaingia uani aliondoka kwenye gari akaenda kukaa kizingitini, ametupa mgongo. Kambale akatambaa chini, nikamwonyesha pale pazima. Akapaka dawa kwenye nusu ya sehemu ile, nusu nyingine akaiacha kama ilivyo. Tukasubiri. Mke wake alituletea chai, tukanywa, jua likapanda, bati la nyumba likaanza kulia.

Tuliporudi chini, alichukua kitambaa safi akapangusa upande usio na dawa. Kitambaa kilitoka na vumbi tu. Akapangusa upande wenye dawa, na nta ya kiwandani ikatoka yote pamoja na dawa, laini kama samli iliyoachwa juani. Chuma kikabaki uchi.

Kambale alikiangalia kitambaa, akakikunja, akakikunjua tena.

"Petroli," akasema. "Petroli ndiyo imekula nta. Kule Butembo nilikuwa napaka malori ya zamani, Mama Odette. Yale yalikuwa na rangi ngumu, ao hayakuwa na kitu. Dawa ilikuwa inasaidia sana. Siyajua kama hii ya kwenu iko nta."

Aliniomba tuende tukaangalie lori lake mwenyewe, ambalo alilipulizia dawa ileile siku zilezile. Tulikwenda. Alikwangua mahali pawili, patatu. Chini ya dawa kulikuwa na rangi ngumu ya kijivu, na chini ya rangi, chuma kizima. Kwa hiyo dawa yake si sumu. Juu ya rangi ngumu inalinda. Juu ya nta inalainisha, na nta iliyolainika inaachia chuma, na juu yake inabaki ngozi nene inayoonekana nzuri kwa macho.

Hilo ndilo jibu la swali langu, na ningeweza kufunga daftari hapa. Lakini lilibaki swali lingine, nami nililiuliza tuliporudi uani.

"Papa Kambale, na maji ya chumvi? Yaliingiaje chini ya dawa, yakakaa humo?"

Aliangalia miguu yake. "Maji inajuaga njia yake," akasema.

Nimemjua kwa miaka mingi. Yule hakuwa mtu asiyejua jibu.

Ukumu alikuwa bado amekaa kizingitini. Nilidhani hasikilizi. Akasema bila kugeuka, "Papa Kambale, sema."

Kambale hakusema.

"Basi nitasema miye." Ukumu akasimama, akatugeukia, na nikaona uso wake ulivyokuwa baba yetu alipokuwa anamwita kwa jina lake lote. "Yaya, siku ile ya dawa nilitoka Kasenyi asubuhi. Nilimwagia gari maji kidogo tu, nikaleta kwake. Chini ilikuwa ingali inadondosha maji ya samaki. Papa Kambale alikataa kupuliza. Alisema tuoshe vizuri, tuache gari ikauke kwa jua, halafu ajaribu kwanza mahali padogo aone kama dawa inakubali. Miye nikakataa. Pasaka ilikuwa karibu, samaki walikuwa wananingoja. Nikamwambia anatafuta kuchelewesha ili apandishe bei. Nikamwambia hata bile vitundu vya shasi azibe vyote, maji isiingie."

Vitundu vile, Kambale alinieleza baadaye, kiwanda kinaviacha makusudi ili maji yakiingia yapate kutoka.

"Halafu Jumatano nilikwenda kumutukana mbele ya batu," Ukumu akasema. "Juu ya kosa yangu."

Sijamwona Ukumu akilia tangu mazishi ya baba. Alifuta uso kwa mkono uliojaa kutu, ukabaki na alama nyekundu.

Nilimgeukia Kambale. "Mbona ulinyamaza?"

"Ukumu ndiye kichwa ya nyumba yenu sasa," akajibu. "Ningemuvua nguo mbele ya soko yote, na mbele ya yaya yake? Nilisema tutaongea. Nilijua siku moja tutaongea."

Kwanza nilitaka kumwamkia kwa magoti. Mtu ameacha jina lake livunjwe, na kazi yake, ili jina la jirani lisivunjike. Halafu nilikumbuka mkono wa yule mama mjamzito ndani ya mkono wangu, na hasira ikanirudia.

Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri: "Jumatano ulimchunga mdogo wangu, Mungu akulipe. Lakini siku ile uliyopuliza dawa, weye ulijua gari iko mbichi. Na tangu siku ile unatuona tunashuka Kasenyi na batu mugongoni. Kila juma unatupungia mukono."

Mke wake alikuwa amesimama karibu na maua. Aliacha kukusanya vikombe.

Kambale alivua kofia yake. "Nilijua haikukauka," akasema. "Siyajua kama inaweza kufika pale. Lakini ni kweli. Nilipaswa kukuja kukwambia weye."

Hakujitetea zaidi. Tulisimama watatu kuzunguka gari lile kama watu waliofika msibani kabla ya maiti.

Ndipo aliposema jambo ambalo lilinikosesha hamu ya chakula. Kuna magari mengine matatu ya aina hiihii yetu ambayo aliyapulizia dawa. Moja ni la dispensari, linabeba wagonjwa. La pili ni la mfanyabiashara anayeleta mihogo na maharagwe kutoka Gety. La tatu lilikwisha kuuzwa, liliingia soko la Ariwara, na mwenye kulinunua hajulikani.

"Nikienda kuwaambia," Kambale akasema, "kazi yangu imekufa."

Na ni kweli.

"Tutakwenda wote," Ukumu akasema. "Miye nitasema ya kwangu, weye utasema ya kwako."

Leo asubuhi, baada ya misa, Ukumu alikwenda kusimama palepale mlangoni kwa Kambale, watu wakipita na nguo za Jumapili. Alisema kwa sauti ileile ya Jumatano kwamba alimsingizia mtu, kwamba yeye ndiye aliyelazimisha gari lipakwe likiwa bichi, na kwamba lile neno juu ya watu wa Butembo anaomba limrudie yeye. Waliomcheka Kambale wakamcheka Ukumu. Bibi mmoja alisema vijana wa siku hizi hawana aibu, kwanza wanatukana, halafu wanahubiri. Ukumu alisimama mpaka wakachoka.

Kisha wakaenda pamoja dispensari, wakaingia chini ya gari la wagonjwa na mashati yao meupe. Nta imelainika na kuachia mahali pengi, lakini chuma bado ni kizima, kwa sababu lile halibebi samaki na lilipakwa likiwa kavu. Wataliosha, watalikwangua, vitundu vitazibuliwa. Mkubwa wa dispensari alimsikiliza Kambale mpaka mwisho, akamshukuru, halafu akasema mbele yake kwamba kazi hiyo ya kukwangua atampa fundi mwingine. Ukumu anasema Kambale alijibu "Ndiyo, docteur" na kutoka bila kugeuka.

Gari la Gety limeshapata habari. Dereva wake alipita mjini na amekubali lisipakiwe mpaka likaguliwe.

Limebaki la Ariwara.

Tumelizungumza barazani hapa hapa, saa moja haijapita. Kambale alitaka kutuma neno kwa madereva wa malori, basi. Neno la dereva nalijua mimi: linaondoka Bunia likiwa onyo, linafika Aru, kabla hata ya Ariwara, likiwa kichekesho. Nikasema waende wenyewe, wazunguke soko, waulize, walale chini ya kila gari la aina ile mpaka walipate. Ukumu akaniangalia. Bado ni Kwaresima. Asipokuwepo kusimamia kazi, gari letu litakaa juu ya magogo, na samaki wa juma zuri kuliko yote ya mwaka watauzwa na watu wengine.

Nilimwambia najua.

Nimejipimia maneno yote ya juma hili na sijapata mizani. Kambale alinyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ilitufikisha kwenye ile kona. Ukumu alipiga kelele kwa uongo, na kelele hizo ndizo zilizofungua kila kitu. Ningekuwa mimi ningesema lini? Siku ya dawa, nimkasirishe mteja na jirani? Au ningefanya kama wengi tunavyofanya, nipunge mkono gari likipita na kuomba Mungu alichunge? Nafikiri ningepunga mkono. Ndiyo maana sauti yangu jana ilikuwa mbaya hivyo.

Mke wa Kambale ameleta unga, mimi nina bitoyo wachache waliobaki. Tutawafungia chakula cha njiani pamoja, kwa sababu lori la Ariwara linaondoka alfajiri.

Tone la kwanza la mvua limeanguka kwenye karatasi. Weye mwenye gari, ambaye hatujui jina lako wala sura yako: kesho usipakie sana. Ukifika kwenye mteremko, tembea polepole. Wako watu wawili njiani wanakutafuta.